Mwenye Tai, Weka Jiwe Chini

Daraja la waenda kwa miguu la Manzese, saa kumi na moja jioni, halina adabu. Kila mtu ana haraka na kila mtu anauza kitu: soksi, chaja, karanga, dawa ya panya inayotangazwa kwa kipaza sauti mpaka panya wenyewe wamechoka kusikia. Ijumaa hiyo ya mwezi wa tatu, Mwalimu Adelard alikuwa anapenya katikati ya fujo hizo, shati jeupe, tai ya bluu, begi la mgongoni limejaa madaftari ya kidato cha nne. Akili yake ilikuwa kwenye swali alilowapa wanafunzi wake kule Kibamba: ni mambo gani yanayomfanya mhusika wa fasihi awe shujaa? Alilipenda sana swali hilo. Alijiona ana jibu lake.

Akapapasa mfuko wa suruali. Simu hakuna.

Hatua chache mbele yake, mtu mrefu mwenye fulana ya kijani alikuwa anashuka ngazi mbiombio, na mtu huyo alikuwa amempiga kikumbo sasa hivi tu. Adelard hakufikiri. Mwalimu mzima, mwenye shahada yake, hakufikiri hata kidogo.

"Mwizi! Huyo mwenye fulana ya kijani! Kaiba simu yangu! Mwizi!"

Jamani, neno hilo si la kulitupa hovyo Manzese. Kabla hajafunga mdomo, yule mtu alishakuwa chini kwenye ngazi ya mwisho, anakula mateke, mikanda, na kipande cha ubao ambacho hakuna aliyejua kimetoka wapi. Sauti moja ikaulizia petroli. Adelard alishuka anakimbia, na alipofika chini akakuta ana jiwe mkononi. Mpaka leo hakumbuki aliliokota wapi.

Hapo akatokea mwanamke. Alitoka kwenye kibanda cha ushonaji chini ya daraja, gauni la kitenge cha njano, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, pini zimejaa kifuani, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Aliwapiga watu vikumbo mpaka katikati, akajitupa juu ya yule mtu, akamfunika kichwa kwa mikono yake.

"Haya, nipigeni na mie! Anzeni! Mmemkuta na nini? Nani kampekua? Hiyo simu iko wapi?"

Mwanamke akainua uso, na katika watu wote wale macho yake yakamwangukia mmoja.

"Wewe kaka. Mwenye tai. Weka jiwe chini."

Adelard akaliweka. Hakulitupa, aliinama akaliweka taratibu, kama mteja anayerudisha bidhaa mahali pake baada ya kuambiwa bei. Yule mtu akapekuliwa. Alikutwa na leso na ufunguo wa kufuli la mkokoteni, basi. Watu wakasema keshampasia mwenzake, wakatawanyika kwenda kwenye shughuli zao. Kiwiko cha kushoto cha yule mtu kilikuwa kimeelekea upande ambao kiwiko hakielekei. Mwanamke aliita bajaji, akampakia, na Adelard akaondoka bila kusema hata pole.

Alipata kiti kwenye mwendokasi. Gari lilipoondoka tu, begi likaanza kutetemeka mapajani mwake. Akachimba chini ya madaftari. Simu. Kioo kinawaka, kimeandikwa Mama.

"Mbona hupokei, mwanangu?"

"Nilikuwa sisikii, mama."

"Uko salama lakini?"

"Niko salama."

Akajiambia: nitashuka Ubungo nirudi. Ubungo milango ikafunguka, watu wakashuka, wengine wakapanda, milango ikafunga. Akajiambia: nitashuka Kimara. Kimara akashuka kweli, akavuka upande wa pili, akapanda gari la Kibamba, akaenda zake nyumbani. Huyo ndiye mtu wetu. Nisingependa kumsifia kwa sasa.

Wiki mbili akakaa na aibu yake. Akila haishuki, akisahihisha madaftari haoni alichoandika mwanafunzi. Jumamosi ya tatu akapiga moyo konde akarudi Manzese, amepanga maneno yake yote: dada, simu niliikuta, nimekuja kuomba radhi. Alifika mlangoni pa kibanda, na cha kwanza kukiona ni yule mtu, amekaa kwenye benchi, mkono wa kushoto kwenye plasta.

"Aa! Mwenye tai!" mwanamke alisema bila kusimamisha cherehani. "Leo umekuja na kokoto au na tofali kabisa?"

Wateja wakacheka. Yule mwenye plasta naye akacheka, na hapo maneno yote aliyoyapanga Adelard yakapotea.

"Nilikuja... nilikuja kusema asante. Kwa kunizuia."

"Asante nimeipokea. Naitwa Tusajigwe. Jina likikushinda, niite Tusa. Na huyu anaitwa Marselino. Siku ile ulimwita jina jingine."

Marselino akanyoosha mkono wa kulia. "Yameisha, ticha. Hata mie ningeibiwa ningechachamaa. Kwani simu yenyewe ulikuja kuipata?"

Mlango ulikuwa wazi, ndugu msomaji. Wazi kabisa. Sentensi moja tu ingetosha.

"Hapana, braza," Adelard alisema. "Nilinunua nyingine."

Na ili uongo wake uwe na nguo, alivuka barabara akanunua kava jekundu, akaivalisha ile simu ya zamani hapo hapo gengeni.

Mapenzi hayana aibu, yalikuja hivyo hivyo. Adelard akawa haikosi Jumamosi hata moja. Mara kifungo kimedondoka, mara suruali inabana, mara ana kitambaa cha mama yake. Tusajigwe alikuwa na meno yenye mwanya, macho ya uchokozi, na mkono mwepesi kwenye kitambaa. Akikupima mabega unajiona umenenepa ghafla.

"Ticha, suruali hii nimeibana mwezi uliopita, leo unataka niiachie. Tumbo lako lina mapepe au wewe ndiye mwenye mapepe?"

"Mie ndiye."

"Basi kaa, unywe chai. Suruali iache kama ilivyo."

Marselino hakuweza tena kusukuma mkokoteni. Plasta ilitoka, mkono ukagoma kunyooka. Tusajigwe akampa pasi ya mkaa na meza, akawa anapiga pasi nguo za wateja. Na kila Jumamosi, Adelard akiingia, Marselino anainua kichwa na kuuliza kwa upole uleule:

"Ticha, habari za Kibamba? Simu yako vipi, haijaonekana?"

"Bado, braza."

Aibu gani ile. Chai ya tangawizi ikawa inampita kooni kama mchanga. Lakini alikunywa, na Jumamosi nyingine akaja tena.

Katikati ya wiki walikuwa watu wa simu.

"Umekula?" Tusa alikuwa anauliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chipsi mayai."

"Tena? Wewe mwanaume utageuka kiazi! Njoo Jumapili nikupeleke Kunduchi ukale samaki, uonekane na wewe una mtu."

Kunduchi walikwenda. Walikula changu wa kukaanga kwa mikono, chini ya turubai, huku akina mama wa samaki wakigombana na mapipa ya barafu. Tusa alivaa dera la zambarau, amefunga kilemba, akalamba vidole bila kujali anatazamwa na nani.

"Hebu niambie," alisema. "Huyo shujaa mnayemfundisha, anakuwaje?"

Adelard akajiweka sawa. Akaeleza: shujaa ni jasiri, hutanguliza wengine, huwa na msimamo, hupambana na jamii inapokosea, na mara nyingi hulipa gharama.

"Haogopi?"

"Kwa kawaida haogopi."

Tusa akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi mie simo. Siku ile pale darajani nilijikojolea, Adelard. Kidogo, lakini nilijikojolea. Nikarudi kibandani nikabadili gauni. Ukiwafundisha watoto wa watu, wafundishe na hilo."

Alimpenda hapo. Akiulizwa tarehe, ni Jumapili hiyo. Na katikati ya kumpenda alimwonea kijicho, kwa sababu yeye alilowana kwa uoga akaingia, naye Adelard alikuwa mkavu na jiwe mkononi.

Usiku huo huo ndipo alipoanza kuandika. Adelard alikuwaga mwandishi wa hadithi za mfululizo, zile zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwa jina la kubuni. Nia yake ilikuwa njema: aandike jambo lile lilivyokuwa, limtoke kifuani. Aya ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili ilikuwa kweli. Kwenye ya tatu, pale mwalimu mwenye tai anapotakiwa kuokota jiwe, vidole vilikataa. Mwalimu akapewa jina Edgar, na Edgar hakuokota kitu. Edgar alijitupa juu ya mwizi. Edgar alisema kwa sauti nzito, "Wekeni mawe chini!" Na yule mwizi, ambaye kwenye hadithi alikuwa mwizi wa kweli mwenye simu tatu kwenye soksi, alilia, akatubu, akabusu viatu vya Edgar.

Wasomaji walipagawa. "Wanaume kama Edgar hawapo tena!" mmoja aliandika. "Mungu nipe Edgar wangu!" akaandika mwingine. Adelard alisoma maoni yote, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alilala kama mtoto. Uongo nao una godoro lake.

Mwezi wa kumi na moja akapeleka posa.

Nyumbani kwa Mzee Ambakisye, baba yake Tusajigwe, ni Temeke, nyumba ya bati jekundu, sebule yenye makochi ya vitambaa vya kudariziwa. Mshenga alikuwa Mwalimu Polikarpo wa Hisabati, mtu mcheshi, mnene, aliyekuwa msomaji namba moja wa hadithi ya Edgar na pekee aliyejua mwandishi wake ni nani. Adelard alivaa shati alilopigiwa pasi na Marselino, kola imesimama imara. Barua ilikuwa mezani, kwenye bahasha iliyozungushiwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni. Sasa, mshenga, kabla hatujagusa hiki kitambaa, tuambie. Hawa watoto walijuana wapi?"

Adelard alikuwa hajalipangia jibu swali hilo. Polikarpo yeye alikuwa nalo tayari, tena la vitabuni.

"Mzee wangu, huyu unayemwona ni shujaa! Walikutana darajani Manzese. Watu wanamuua mwizi, wana mawe, wana petroli. Kijana wetu akajitupa juu yake! Akasema, wekeni mawe chini! Wakaweka! Binti yako akashuhudia kwa macho yake, moyo ukamwenda!"

Wajomba wakapiga makofi. Mzee Ambakisye akainuka kwenye kochi, akaja kumpa Adelard mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu," alisema, "mdogo wangu aliuawa hivyohivyo, Mbeya, mwaka themanini na mbili. Hakukuwa na mtu wa kujitupa."

Adelard alisikia masikio yanawaka moto. Sema, alijiambia. Sema sasa. Mkono wa mzee ulikuwa bado umemshika.

Tusajigwe aliitwa kutoka jikoni, kama ilivyo desturi, aulizwe kama wageni anawajua. Aliingia na gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, kitambaa kichwani, macho chini. Kila kitu alikuwa amekisikia, maana jikoni na sebuleni vimetenganishwa na pazia.

"Binti yangu, hawa wageni unawafahamu?"

Tusa akainua macho, akamtazama Adelard. Alimpa muda. Alimpa muda mrefu mpaka mjomba mmoja akakohoa. Adelard akatazama kitambaa cha kochi.

"Wageni nawafahamu, baba," Tusa alisema. "Hadithi siifahamu."

Akarudi jikoni. Barua ikabaki mezani na kitambaa chake. Mzee akasema kwa heshima kwamba watakaa kama familia, jibu litatumwa.

Adelard alimpigia Jumapili asubuhi. Tusa alipokea mlio wa kwanza.

"Nimeisoma hadithi yako yote," Tusa alisema. "Kumbe wateja wangu wanaisomaga hapa hapa kibandani, mie sijui ni yako mpaka mshenga wako alipoisimulia. Sikiliza, Adelard. Umenifanya mwanaume, sina neno. Umejipa maneno yangu, sina neno. Lakini Marselino umemfanya mwizi, anabusu viatu. Kwa nini?"

"Hadithi inataka mwizi atubu, mpenzi. Bila hivyo shujaa haonekani."

"Shati ulilovaa kwa baba, nani kakupigia pasi? Kwa mkono mmoja na nusu?"

"Nisamehe, Tusa."

"Kwa lipi? Taja."

Adelard akahamishia simu sikio la pili.

"Haya, nikuulize kwa njia nyepesi. Kuna lingine nisilolijua?"

Simu ileile, yenye kava jekundu, ilikuwa sikioni mwake. Aliisikia joto.

"Hakuna," alisema.

"Haya," Tusa alisema, akakata.

Siku ya Jumatatu aliingia darasani kama mtu aliyetoka kuugua. Mada ni ileile, shujaa. Wanafunzi walikuwa wamechangamka. Nusu yao walikuwa wakimfuata Edgar kwa siri kwenye simu za dada zao, bila kujua mwandishi amesimama mbele yao na chaki. Akanyoosha mkono Abrar, binti mkimya wa dawati la dirishani.

"Mwalimu, kwenye hiyo hadithi ya Edgar. Mwanzoni kabisa mtu alipiga kelele ya mwizi. Yule aliyepiga kelele yuko wapi? Mwandishi kamwacha."

"Ni... mhusika mdogo tu."

"Lakini mwalimu, kama alikosea? Tuseme simu ilikuwa nyumbani kwake. Basi huyo ndiye ningependa kumsoma. Edgar hana kazi ngumu. Kazi ngumu anayo yule."

Darasa likacheka. Adelard akageukia ubao, akaandika tarehe mara ya pili.

Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuwa mlangoni pa kibanda. Tusa kwenye cherehani hakuinua kichwa. Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Marselino, kwenye meza yake, anapiga pasi kola.

"Ticha! Habari za Kibamba? Simu..."

Adelard akaivua simu kava jekundu. Chini yake ilikuwa nyeusi, ina ufa kwenye kona. Akaiweka juu ya meza ya pasi.

"Ni hii, Marselino. Haikuibiwa. Ilikuwa kwenye begi langu, chini ya madaftari. Hukuiba kitu."

Cherehani ikasimama.

Marselino alimaliza kola. Akaiweka pasi kwenye kigae chake, akaitazama simu bila kuigusa.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Kabla ya Ubungo."

"Kabla ya Ubungo," Marselino alirudia. "Wakati huo mie hata hospitali sijafika."

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi nakuuliza."

"Kila Jumamosi."

"Unajua kwa nini nilikuwa nauliza? Mwenye nyumba wangu alinitolea vitu nje. Alisema hakai na kibaka. Nikawa najiambia, siku ticha akiipata simu yake, nitamwomba aje amwambie. Nilikuwa nakuombea uipate, ticha. Kanisani."

Adelard alitaka ardhi impokee, na ardhi ya Manzese ni saruji. Tusajigwe alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Ulikuwa unakunywa chai yangu mbele yake," alisema polepole. "Jumamosi zote hizo." Akaingia nyuma ya pazia la kupimia nguo.

Adelard akapiga magoti. Marselino akamshika kola, kola aliyoipiga pasi mwenyewe, akamwinua.

"Usinipigie magoti hapa, hapa hakuna aliyenipiga. Siku ile ulipaza sauti. Hukunong'ona. Twende juu."

Wakapanda. Darajani yule wa dawa ya panya alikuwepo, wa soksi walikuwepo, wa karanga pia. Marselino aliazima kipaza sauti, akamkabidhi Adelard kwa mkono wake mzima.

"Naitwa Adelard. Ni mwalimu," sauti ikatoka, ikarudi kutoka kwenye ukuta wa ghorofa. "Mwezi wa tatu nilimwita mtu huyu mwizi, hapa hapa. Hakuwa mwizi. Simu ilikuwa kwenye begi langu. Nilijua, nikanyamaza."

Watu wakasimama. Kisha vikaanza vicheko, kisha simu zikainuliwa kumrekodi. "Mwalimu gani huyo!" "Na yeye apigwe, aone utamu wake!" Gunzi la hindi likaruka likampiga kwenye tai. Adelard akamtazama Marselino, labda anamwomba kwa macho.

"Rudia," Marselino alisema. "Wale wa soksi hawajasikia."

Alirudia. Alirudia mara nne, mpaka mwisho wa daraja, upande ule na upande huu. Aliposhuka alikuwa hana sauti, na Tusajigwe alikuwa amesimama chini ya ngazi, uso umevimba kwa kulia. Alipita pembeni yake akampa Marselino maji ya kunywa.

Ile video ilifika Kibamba kabla yake. Mkuu wa shule alimwita ofisini, wanafunzi wakanong'ona. Abrar peke yake alikusanya madaftari akayaweka mezani. Adelard alikwenda kwa mwenye nyumba wa Marselino, akamweleza ukweli. Alikwenda Temeke bila mshenga, akamweleza Mzee Ambakisye yote, mpaka la jiwe. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaleta bahasha, kitambaa hakijafunguliwa.

"Chukua barua yako," alisema. "Inatoka kwa mtu nisiyemjua." Safari hii hakumpa mkono.

Akaandika na sehemu ya mwisho ya hadithi, yenye mtu aliyepiga kelele, na mshonaji aliyelowanisha gauni. Wasomaji walimtukana. "Umetuharibia Edgar wetu," waliandika, wakaondoka kwa mamia.

Wiki tatu Tusa hakupokea simu. Siku ya ishirini na mbili, saa saba mchana, akapiga yeye.

"Umekula?"

"Sijala."

"Kale," Tusa alisema, akakata.

Jumamosi akaenda. Alikaa kwenye benchi la nje, hakupewa chai, hakuomba. Mwisho Tusa aliongea, macho kwenye sindano.

"Bado nakupenda, nisikufiche, na nina hasira nawe. Baba kasema kama kuna barua nyingine, ije na mshenga anayemjua mtu wake vizuri, mabaya yake yote. Mie namjua mmoja tu."

Wote wawili wakamtazama Marselino.

"Mie?" Marselino alinyunyiza maji kwenye suruali. "Mie bado sijamsamehe."

Basi zamu ikageuka. Kila Jumamosi Adelard anaingia, anasalimia, anauliza: "Marselino, vipi?" Na Marselino anajibu bila kuinua kichwa: "Bado, ticha." Krismasi ikapita. Mwezi wa kwanza ukapita. Siku nyingine Adelard alimkolezea mkaa wa pasi, siku nyingine alifagia vitambaa. Hakuna aliyemwambia acha, hakuna aliyemwambia endelea.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa pili, kabla hajauliza, Marselino alisema, "Hiyo barua umeiandika?"

"Ninayo."

"Isome. Nisije nikabeba hadithi ya Edgar."

Adelard akatoa karatasi, akasoma. Mheshimiwa mzee, mimi ndiye niliyepiga kelele, na mimi ndiye niliyeshika jiwe. Binti yako ndiye aliyeniambia niliweke chini. Naomba nikae karibu naye, na naomba asichoke kuniambia.

Pasi ilikuwa imetulia kwenye kigae chake. Marselino akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfuko wa suruali.

"Sijamaliza kukusamehe," alisema. "Lakini Temeke siwezi kwenda na fulana. Mshenga anavaa suti."

Tusajigwe alishainuka, futi mkononi, machozi yanamtiririka huku akicheka, ule mwanya unaonekana. Akamsimamisha Marselino mlangoni kwenye mwanga.

"Ticha, chukua kalamu. Andika ninavyokutajia." Akapima mabega, akapima kifua, akashuka kwenye mikono. "Mkono wa kulia, sitini na mbili."

Akahamia upande wa pili. Aliufuata mkono kutoka begani mpaka pale kwenye kiwiko ulipokunjikia, akapita taratibu, akafika kwenye kifundo. Akasoma futi, akaisoma tena.

"Wa kushoto, hamsini na tano."

Kalamu ikasimama hewani.

"Andika, Adelard," alisema Tusajigwe.

Akaandika.